Penseli Kwenye Feni

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika Dodoma juu ya gari la magunia. Dereva aliifunga kwa kamba nyuma, akaitupia turubai, akaja nayo hivyo hivyo kutoka Dar es Salaam, na alipofika akatulaumu sisi wanawake wa chumba cha chapa kwamba hatukumtahadharisha. Tulipofungua boksi tulikuta vumbi jekundu limeshapenya mpaka ndani ya mfuko wa nailoni. Mama alichovya kidole kwenye vumbi lile akasema, "Imeshakuwa mwenyeji." Tukacheka. Ofisi ile bado ilikuwa na vicheko wakati huo.

Mama hakuwa mama yangu. Alikuwa mpiga chapa mkuu, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mtu wa kwaya na wa kanisa, na ofisi nzima, kuanzia mlinzi hadi Meneja, tulimwita Mama tu. Alikuwa amekaa kwenye taipureta yake miaka ishirini na zaidi. Mimi nilipoajiriwa nikitokea Kondoa, nikiwa na cheti changu kipya na vidole vizito, yeye ndiye aliyenifunika mikono kwa kitambaa ili nijifunze kuchapa bila kutazama herufi. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakunywa chai yake nje, nyuma ya masijala, ili harufu yake isinifikie nikiwa nimefunga, ingawa sikumwomba. Aliniita mwanangu. Sikuwa na ndugu mwingine Dodoma.

Shirika letu lilikuwa la umma. Lilinunua nafaka kwa wakulima wa kanda ya kati, likawauzia mbegu na magunia, na kwa muda mrefu hakuna mfanyabiashara aliyeruhusiwa kuigusa kazi hiyo. Mimi niliingia wakati mambo yameshageuka. Malori ya watu binafsi yalikuwa yanafika hadi mlangoni kwa mkulima, mahindi yote yanaishia kwenye soko la Kibaigwa kwa madalali, na bohari zetu zilikuwa tupu kiasi kwamba njiwa walikuwa wanataga ndani. Wafadhili walileta kompyuta ili shirika lijipange upya. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye barua. Kila mtu alielewa maana yake na hakuna aliyeitamka.

Nilipelekwa Dar es Salaam wiki tatu kujifunza. Nafasi ile ilikuwa ya Mama kwa haki zote, lakini Afisa Utumishi alisema mafunzo ni ya vijana, kichwa cha mtu mzima hakipokei. Mama mwenyewe ndiye aliyeniazima sanduku la safari.

Barua ya wafadhili ilisema pia kwamba kompyuta iwekwe kwenye chumba chenye kiyoyozi, na kiyoyozi kiliambatana nayo, kipya, ndani ya boksi lake. Kikafungwa ofisini kwa Meneja. Nilipouliza, Meneja alinijibu kwa upole kabisa kwamba kompyuta haitoki jasho. Mashine ikawekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya majalada ya zamani. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama magharibi, bati juu bila dari, na ukuta ambao saa nane mchana ukiuegemea unaruka kwa joto lake. Kuanzia Julai upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi kupitia kila tundu. Nilikuwa naifuta meza asubuhi, na saa nne ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Nilikaa na mashine ile karibu miaka miwili. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi kimya, nikajiona mtu. Mwaka wa pili feni yake ya nyuma ilianza kutoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo. Baadaye ikawa inakoroma. Ilipofika Septemba ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na watu waliopita nje walikuwa wanasimama kuchungulia. Mama alinifumia kitambaa cha maua cha kuifunikia, kama tunavyofunika redio na televisheni. Kikakaa juu yake siku mbili, nikagundua kinaziba matundu ya hewa, nikakitoa. Niliogopa kumwambia. Alipokikosa alisema tu, "Haipendi kuvaa, basi," akakichukua.

Mlio ungevumilika. Tatizo lilikuwa joto. Kila mchana, jua likishaingia dirishani, mashine ilikuwa inaganda. Maandishi yanasimama kwenye kioo, ukibonyeza herufi haiji, na hakuna la kufanya ila kuzima na kupoteza kazi yote uliyokuwa hujaihifadhi. Ukiweka kiganja juu ya boksi unakiondoa haraka. Nilianza kufika ofisini saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mfagiaji, ili nichapishe yaliyo muhimu kungali na ubaridi. Niliandika dokezo kwa Afisa Utumishi, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia vifaa. Likarudi na maneno yake pembeni: "Hakuna fungu. Ivumilie." Nikaandika la pili, nikaandika la tatu. La tatu halikurudi na neno lolote, alichora alama ya vema tu kuonyesha kwamba amesoma.

Mwishowe nilimwomba dereva, nikaibeba mashine mpaka Kizota, kwa fundi mmoja aliyekuwa anafunga upya mota za mashine za kusaga. Alikuwa hajawahi kufungua kompyuta. Aliniambia hivyo mwenyewe, jambo ambalo watu wenye vyeo ofisini kwetu hawakuweza kulisema. Akaitazama kwanza pande zote, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana mpaka likawa kama kipande cha blanketi. Alilitoa kwa brashi ya rangi, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akadondosha tone la mafuta ya cherehani katikati ya feni, akaizungusha kwa kidole na kusikiliza.

"Dada," akasema, "hapa katikati pameshalika. Mafuta haya yatakupa wiki mbili, tatu. Watafute feni nyingine Dar es Salaam."

"Na ikiendelea kulia?"

"Kulia siyo shida. Iache ilie. Ila isije ikasimama. Ikisimama feni hii, huku ndani panaungua na sitaweza kukusaidia."

Niliandika dokezo la nne nikiwa na maneno yake kichwani. Niliandika wazi kwamba feni ikisimama mashine itaungua. Nikalipeleka masijala mwenyewe, nikaona likigongwa muhuri na kuwekwa kwenye jalada.

Mafuta yalidumu siku kumi na mbili.

Ilikuwa siku chache baada ya mlio kurudi ndipo Meneja aliponiita ofisini kwake. Kulikuwa na ubaridi mle mpaka nikajikunja. Afisa Utumishi alikuwa amekaa pembeni na karatasi kadhaa zilizoandikwa kwa mkono. Meneja alinieleza kwamba shirika litauzwa, kwamba wanunuzi wanataka kulikuta jepesi, na kwamba kuna orodha ya watumishi watakaopunguzwa. Nitaichapa mimi, kwa sababu kompyuta ina siri kuliko taipureta isiyoficha kitu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nisiweke nakala kwenye diski yoyote, ibaki ndani ya mashine tu mpaka itakapohitajika.

"Unaelewa uzito wake?" Afisa Utumishi aliuliza.

"Naelewa."

"Likivuja neno, tutajua limetoka wapi."

Nilizisoma karatasi zile nikiwa nimefunga mlango. Kitu cha kwanza nilichokifanya, na sitaki kudanganya kwa sababu sina faida tena ya kudanganya, nilitafuta jina langu. Halikuwamo. Nilishusha pumzi. Nilifurahi, nikafurahi kweli, kabla hata sijasoma majina ya wengine. Kisha nikaanza kusoma. Wapimaji wa bohari karibu wote, madereva wanne, mlinzi wa usiku, mfagiaji. Namba kumi na tisa alikuwa Mama.

Nilimchapa. Jina, tarehe ya kuajiriwa, cheo.

Wiki hiyo hiyo Mama alikuja kwenye chumba cha kompyuta na barua mkononi. Alisimama mlangoni kwa sababu mle ndani hapakuwa na kiti cha pili. Feni ilikuwa inapiga kelele zake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kuishinda feni, "shule ya misheni kule nyumbani wamenikumbuka. Wanataka mpiga chapa. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi."

Nikatazama kioo.

"Wewe unaingia kwa wakubwa," akaendelea. "Husikii lolote? Niende, au nibaki?"

Nilimsikia. Nilisikia kila neno. Nikaweka mkono sikioni, nikatikisa kichwa, nikaonyesha feni kwa kidole.

Akarudia, sasa kwa sauti kubwa zaidi: "Nasema, niende au nibaki?"

"Mama, mashine hii!" nikamjibu kwa kupayuka. "Sisikii kitu!"

Akacheka. "Basi tutaongea nje, itatuua masikio hii." Akaondoka na barua yake.

Hatukuongea nje. Nilihakikisha hatuongei. Saa ya chai nilikuwa na kazi, saa ya kutoka nilipitia mlango wa bohari. Akinisalimia barabarani nilimjibu marahaba yangu ya kinyumenyume, maana yeye ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia, ila alipenda kunitania kwa kuniamkia kwanza, nami nilikuwa naitikia huku natembea. Nilijiambia kwamba nimeapa. Nilijiambia kwamba nina mdogo wangu ninayemsomesha. Hayo yote yalikuwa kweli na bado yalikuwa visingizio.

Mwezi ulipokwisha alinikamata kwenye bomba la maji. Alikuwa mchangamfu. Alisema amewaandikia shule ile akiwashukuru na kuwakatalia. "Nimefikiri, nikaona mtu aliyetumikia miaka yote hii hawezi kutupwa. Hata hao wageni watahitaji mtu anayejua majalada yalipo."

"Vizuri, Mama," nikasema.

Vizuri, Mama. Nimeyarudia maneno hayo mawili peke yangu mara nyingi kuliko sala.

Siku ya wanunuzi kuja, ofisi ilipakwa chokaa mbele tu, upande unaoonekana kutoka barabarani. Walikuja watu watano na suti zao katika joto lile, wakaingizwa chumba cha mikutano, ambacho kilipakana na changu kwa ukuta wa mbao. Mimi nilikuwa namalizia orodha. Afisa Utumishi alikuwa ameleta marekebisho asubuhi ile, namba zimepanda na kushuka, na alitaka nakala tatu safi saa nane. Feni ilikuwa imeamka vibaya. Ililia mpaka meza ikawa inatetemeka chini ya mikono yangu.

Saa sita na nusu mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Afisa Utumishi aliingia akiwa amekunja uso.

"Hiki ni nini? Wageni hawasikilizani mle!"

"Ni ile feni, mzee. Niliandika."

"Izime."

"Nizime kompyuta?"

"Nani kasema kompyuta? Orodha inatakiwa saa nane. Zima feni."

"Haizimiki peke yake. Na ikisimama mashine itaungua. Fundi aliniambia, na mimi nikaandika kwenye dokezo."

"Fundi gani? Yule wa Kizota wa mashine za kusaga?" Akacheka puani. "Ndiye anatufundisha kompyuta?"

Akachukua penseli mezani kwangu, penseli ya kawaida ya njano, akazunguka nyuma ya boksi, akaipitisha kwenye matundu. Kulitokea mlio wa kukwaruza, kisha kama kitu kinachovunjika, kisha kimya. Kupitia ukuta nikasikia sauti ya Meneja ikieleza jambo kuhusu ukubwa wa viwanja.

"Unaona?" akanong'ona. "Kitu kidogo tu. Nyie mnapenda kukuza mambo." Akatoka na kufunga mlango taratibu.

Nilibaki nimekaa. Jua lilikuwa limeanza kuingia dirishani. Nilisogeza mkono mpaka nyuma ya boksi, nikaishika penseli. Ilikuwa imebana, lakini ningeweza kuichomoa. Nilikuwa nimebakiza karatasi moja na nusu. Ningeichomoa, kelele zingerudi, angekuja kunikaripia mbele ya wageni, basi. Nikaiachia.

Baadaye kwenye kikao cha nidhamu waliniuliza kwa nini sikuchukua hatua, nikawajibu kwamba niliamriwa na mkubwa wangu, na hilo ni kweli. Lakini ninapoandika hapa sina wa kumwogopa. Niliiacha kwa sababu nilijua orodha haina nakala; karatasi za mkono Afisa Utumishi alishazichukua, nikadhani amezichana. Nilifikiri kwamba mashine ikiungua, itaungua na majina. Nilifikiri nitakuwa nimemwokoa Mama bila kumwambia mtu lolote na bila kuvunja kiapo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na niliamini kwamba watu wanaishi kwenye karatasi.

Nikaendelea kuchapa, tena kwa haraka, ili kazi iwe nzito. Boksi likapata joto, likazidi. Harufu ilianza kama ya mpini wa plastiki wa sufuria uliosahauliwa jikoni. Saa saba na kitu herufi kwenye kioo zikageuka alama nisizozijua, kioo kikawa cheusi, na moshi mwembamba ukatoka nyuma. Nikachomoa waya ukutani.

Nilimsubiri Afisa Utumishi kwenye kibaraza mpaka wageni walipopewa soda. Nikamwambia. Aliingia chumbani, akanusa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuichomoa penseli na kuitia mfuko wa shati. Ndipo akatoka kuita mashahidi waje waone nilivyoiharibu mali ya shirika.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Nitasema jambo la aibu: nilikuwa na furaha. Nilikaa juani na moyo mwepesi kama dakika kumi hivi. Ndipo nikasikia taipureta.

Sikuhitaji kuangalia dirishani kujua mikono ni ya nani. Mama alichapa kwa mwendo wake, sawasawa kama mvua isiyo na upepo, hakuwahi kukimbia wala kusita. Walikuwa wamempa karatasi zile za mkono. Orodha haikuwa imeungua. Ilikuwa kwenye droo ya Afisa Utumishi muda wote, na kichwani mwake, na kichwani mwa Meneja. Na kwa kuwa wageni walikuwa wanasubiri na mpiga chapa mwingine hakuwapo, alimpelekea Mama. Labda hakufikiri. Labda alifikiri na akaona haidhuru.

Nilihesabu mistari kwa mlio wa kengele ndogo ya mwisho wa mstari. Nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Kisha taipureta ikanyamaza. Upepo ulikuwa unaviringisha karatasi ya plastiki uwanjani, na mimi nikaitazama ile karatasi kana kwamba nimetumwa kuitazama. Kimya kile kilikuwa kirefu. Taipureta ikaanza tena, kwa mwendo ule ule, haikusita mara nyingine mpaka mwisho.

Baada ya muda nilimwona Afisa Utumishi akiingia tena mle na kalamu mkononi. Zikasikika herufi chache, mstari mmoja tu.

Mama alitoka akapitia nyuma. Alikuja akaketi kwenye ngazi kando yangu, akakunja kitenge chake chini ya magoti.

"Mwanangu," akasema, "nimekatazwa kukwambia, lakini nakwambia. Jina lako limo. La mwisho. Wameliongeza sasa hivi, kwa ajili ya hiyo mashine."



"Langu pia limo," akaongeza. "Nimelichapa mwenyewe. Nataka leo hii uandike barua ya kujitetea, usingoje wao waanze. Usilale na jambo hili. Nenda kwa yule mwanasheria wa chama cha wafanyakazi, mwambie umetumwa na mimi."

Alikuwa anahesabu kwa vidole vitu ninavyopaswa kufanya. Kidole cha nne akasimama. Niliona jambo likimjia usoni polepole. Alikuwa anawaza mashine ile imeungua ikifanya kazi gani.

"Orodha hii," akasema, "ndiyo uliyokuwa unachapa mle ndani?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu leo?"

Ningeweza kusema tangu leo. "Tangu mwezi uliopita."

Akageuza uso kutazama bohari. Kisha akauliza swali moja la mwisho, kwa sauti ya chini, na safari hii hapakuwa na feni.

"Siku ile nilipokuja na barua, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akainuka, akajipangusa vumbi kwenye kitenge, akaingia ndani kuchukua mfuko wake.

Niliandika barua ya kujitetea. Kikao kilifanyika ofisini kwa Meneja, nikisikia baridi tena. Nilitaja dokezo la nne. Jalada likaletwa, likafunguliwa mbele yangu. Kurasa zilikuwa zimepewa namba kwa kalamu nyekundu, na baada ya thelathini na moja ilifuata thelathini na tatu. Nilionyesha kwa kidole. Afisa Utumishi alisema makosa ya kuhesabu hutokea, masijala wana kazi nyingi. Niliposema kuhusu penseli, walitazamana kama watu wanaomhurumia mgonjwa. Barua yangu ya kuachishwa iliandikwa "uzembe". Neno hilo limenifuata kwenye maombi ya kazi tatu. Linaniuma kwa sababu ni uongo wao, na linaniuma zaidi kwa sababu siku ile nilikuwa na mkono juu ya penseli.

Wanunuzi waliliendesha shirika muda mfupi, wakauza malori, wakapangisha bohari. Afisa Utumishi alibaki nao, na baadaye nikasikia amejenga nyumba Area C, hapo hapo Dodoma. Kompyuta ilirudishwa stoo ikiwa na lebo ya mali chakavu.

Mama alikwenda Kibaigwa. Nilipata habari zake kwa watu. Miaka sita ilipita kabla sijamtafuta, ingawa kila nilipokwenda Dar es Salaam basi lilikuwa linasimama pale. Safari moja nilishuka kwa makusudi, nikaacha basi liende, nikauliza. Kila dalali alimjua. Alikuwa na banda la chakula nyuma ya mizani, lina meza mbili ndefu na wapakiaji wamejaa, vumbi la mahindi limewaganda kwenye nyusi.

Nilimwamkia. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, dada. Kuna wali na ugali."

Nilidhani hajanijua. Nikataja shirika, nikataja Kondoa. "Nimekujua tangu unashuka pale," alisema, akaendelea kupakua. Alikuwa amezeeka mikono tu. Nilikaa nikasubiri mpaka wateja wakapungua, akaja akaketi mbele yangu, na nikasema yote niliyokuja nayo. Nilimwambia kwamba niliogopa. Nilimwambia kuhusu penseli, kwamba nilitaka orodha iungue kwa ajili yake. Nikamwomba anisamehe.

Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza mtu anayemsomea barua ya kuchapwa.

"Nimekusamehe siku nyingi," akasema. "Mimi mtu wa kanisa, nitafanyaje? Siku ile ile nilipotoka ofisini nilikwenda posta kuwapigia simu shule. Nikawaambia nimebadili nia. Wakasema pole sana mama, tumeshampata mtu, ameripoti Jumatatu." Akahesabu kidogo. "Sisi ilikuwa Alhamisi."

"Mama—"

"Sikulaumu. Nakwambia tu ilivyokuwa, maana wewe hukuniambia ilivyokuwa." Mteja aliita, akainuka. "Ungesema nenda, hata kwa ishara ya mkono, mimi nisingemwambia mtu. Ulikuwa hujui hilo? Miaka ile yote, ulikuwa hujui mimi ni mtu wa namna gani?"

Alikwenda kumhudumia yule mteja, kisha mwingine. Kundi jipya la wapakiaji likaingia na banda likajaa. Nilikaa mpaka nikawa nazuia nafasi ya mtu anayetaka kula, nikainuka. Aliponiona nimesimama alinipungia kijiko kwa mbali, kama anavyompungia mteja yeyote anayeshika njia.

Nilimaliza shughuli zangu Dar es Salaam kwa siku nne. Wakati wa kurudi basi lilisimama Kibaigwa robo saa kamili, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Kutoka kwenye kiti changu nilikuwa naliona paa la banda nyuma ya mizani, na moshi. Sikushuka.